Kibada, Bunju, Temeke, Pugu: kutafuta kinachoizima Hilux ya mzee

Jumatatu

Tumemaliza kupakia hapa Kibada, Kigamboni, Dar es Salaam, kabla jua halijawa kali: miembe ya kubebeshwa, michungwa, na mipapai michache ya nyongeza, yote ya mteja wa Bunju. Pikapu ni Toyota Hilux ya mwaka 1992, injini ya 22R ya petroli, cc 2,366, inayotumia kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distribyuta (inayogawa cheche kwa kila plagi). Haina kompyuta. Mwenye gari la EFI, yaani linalopuliziwa petroli kwa kompyuta, gari likimsumbua anachomeka mashine ya kusoma kosa, walau anapata pa kuanzia. Hapa kwetu pa kuanzia ni macho, masikio, na mita ya volti, kwa hiyo nimeamua safari za wiki hii naziandika kwenye daftari kila linapotokea jambo.

Tumevuka Daraja la Nyerere vizuri, tukashika Mandela. Tulipopita Buguruni foleni ikaachia, nikawa gia ya nne, mguu mwepesi, kwa sababu lori lililokuwa mbele halikuwa na haraka. Injini ikakata. Haikukohoa wala kushtukashtuka. Ilikata kama vile mtu amezima swichi. Taa za dashibodi ziliwaka kama kawaida na redio iliendelea kuongea.

Kitu nilichokimbilia kutazama ni mshale wa mizunguko ya injini. Ulikuwa umelala sifuri, na gari bado linatembea, gia imo. Hilo ndilo la kwanza kuingia kwenye daftari, tena kwa herufi kubwa. Kwenye gari hili mshale huo unalishwa na umeme wa koili, ile inayotengeneza umeme mkali wa cheche. Gari likiwa kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini hata kama haichomi. Ingekuwa mafuta yamekatika, mshale ungeshuka taratibu pamoja na mwendo. Ukilala ghafla wakati injini bado inazunguka, shaka yote inahamia kwenye umeme wa kuchoma.

Nimesogea pembeni, tukasukuma na vijana wawili wa bodaboda. Hapo ndipo ushauri ulipoanza. “Kaka, hiyo pampu ya mafuta, mimi nakwambia.” “Siyo pampu, kabureta imejaa uchafu, badilisha.” Dereva wa daladala aliyesimama kushusha abiria akasema betri. Wote walikuwa na nia njema, na wote walikuwa wanataja kitu cha kununua kabla mtu yeyote hajafungua boneti.

Miche haivumilii jua la saa sita. Tumeifunika turubai, tukainyunyizia maji ya dumu la dharura. Baada ya nusu saa hivi nimepiga stata, gari limewaka mara moja, tukafika Bunju. Kurudi ilikuwa jioni, upepo wa bahari umeingia, na halikuzima hata mara moja.

Jumanne

Hakuna safari. Gari limelala gereji ya jirani, huku Kigamboni.

Fundi amesikiliza, ameliwasha, limenguruma bila shida yoyote. Akasema tutoe kabureta, yeye anayo nyingine, laki mbili na nusu tunamaliza. Nimemwambia hapana, kwa heshima, na nikamwomba tulipime kwanza gari lenyewe. Nina uchungu na jambo hili. Watu wenye magari ya zamani hapa mjini wanatumia fedha nyingi kwa kubahatisha: leo pampu, kesho kabureta, keshokutwa koili, na mwishoni gari linauzwa kwa bei ya kutupa likiwa na spea mpya tupu na ugonjwa wake uleule.

Tumepita upande wa mafuta hatua kwa hatua. Kabureta ya 22R ina kidirisha kidogo cha kioo ubavuni, ukichungulia unaona petroli imefika wapi. Imesimama karibu na katikati, panapotakiwa. Tumefungua mfuniko wa tenki tukisikiliza kama utafyonza hewa kwa kishindo, maana mfuniko ulioziba tundu lake la hewa unaweza kuizima injini baada ya mwendo mrefu, haukufyonza. Soleneidi ya kabureta, ile inayokata mafuta swichi ikizimwa, inalia “tik” kila ukiwasha swichi. Chujio halina maji wala kutu.

Upande wa umeme kulikuwa na kazi. Hewa ya bahari ya Kigamboni inakula chuma. Waya wa ethi, yaani wa hasi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini ulikuwa na unga wa kijani kwenye nati. Tumeufungua, tumeusugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa, tukaukaza. Betri imepima volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na 14.1 likinguruma, kwa hiyo betri na altaneta zimetoka kwenye orodha.

Mzee mwenye gari alikuja jioni na fimbo yake kuangalia. Nilimwamkia, akaitika, kisha akauliza jambo moja tu: “Linazima ukiwa unakanyaga, au ukiwa umelegeza?”

Nilijibu nimelegeza. Akatikisa kichwa, akasema niendelee kuandika.

Jumatano

Safari ya pili ya Bunju, na safari hii nimejiandaa. Chini ya kiti nimeweka mita, plaizi yenye mpira, bisibisi, taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili na klipu, na plagi ya zamani iliyo safi. Nilitaka gari lizime. Ugonjwa wa kuja na kuondoka haupimiki gereji wakati gari ni zima. Unapimika pale pale lilipofia, kabla halijapoa.

Limezima baada ya Tegeta, barabara ya Bagamoyo, mwendo wa kama 60, barabara nyeupe, mguu mwepesi. Mshale sifuri papo hapo. Nimeegesha, pembetatu nyuma, boneti juu.

Nimeanza na mafuta ili nisirudi tena huko. Kidirisha cha kabureta: petroli ipo. Nimetoa kifuniko cha chujio la hewa, nikachungulia kooni mwa kabureta, nikavuta waya wa akseleta kwa mkono: petroli imeruka vizuri. Yaani mafuta yapo, yanafika, na yanamwagwa. Kesi ya pampu na kabureta nimeifunga hapo, saa nne na robo asubuhi, kando ya duka la mabati.

Nimerudisha kifuniko cha chujio, nikasubiri mvuke wote wa petroli uishe, ndipo nikagusa umeme. Nimechomoa waya mnene wa kati kutoka kwenye kepu ya distribyuta, nikauchomeka kwenye plagi ya zamani, nikalaza plagi juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta, na kuifunga kwa waya isicheze. Waya huo haushikwi kwa mkono mtupu, na hauachwi ukining'inia hewani wakati wa kupiga stata. Umeme ukikosa pa kutokea unaweza kuipasua koili au kuunguza ignaita, kifaa kinachoiamuru koili irushe cheche. Msaidizi wangu amepiga stata. Hakuna cheche, hata ya manjano dhaifu.

Swali likawa: koili inapata moto, yaani umeme wa betri? Mita kwenye upande chanya wa koili, swichi imewashwa: volti 11.9. Kwa hiyo fyuzi ni nzima, swichi ya funguo ni nzima, waya wa kutoka dashibodi ni mzima. Hii ni hatua ambayo wengi wanairuka, kumbe swichi za magari haya zikizeeka, hasa zile zinazobeba rundo la funguo za nyumba nzima, zinakata moto wa koili gari likiruka shimo.

Kisha taa ndogo. Klipu moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye upande hasi wa koili. Stata ikizunguka taa inatakiwa imemeteke, kwa sababu ignaita inafungua na kufunga njia ya umeme kila silinda inapofika zamu yake. Taa haikumemeteka. Koili ilikuwa imeshiba moto lakini hakuna aliyekuwa anaiamuru irushe cheche. Amri hiyo inatoka kwenye koili ndogo iliyo ndani ya distribyuta, inapita kwenye waya mbili nyembamba, inaingia kwenye ignaita. Mmoja kati ya hawa wawili ndiye mgonjwa.

Nilipokuwa nashika soketi ya zile waya mbili nikitaka kuifungua niipime, msaidizi akapiga stata bila kuambiwa. Taa ikamemeteka, plagi ikatoa cheche ya bluu yenye mlio. Sikuwa nimefungua chochote; nilikuwa nimegusa tu.

Nikamwambia asitoe funguo, nikaandika.

Alhamisi

Kabla ya kununua ni vizuri kuazima, ukiwa na wa kumwazima. Rafiki yangu wa Mbagala ana Hilux ndugu ya hii. Kwenye gari hizi koili na ignaita zimefungwa pamoja, bolti mbili tu, kwa hiyo amenipa zote kwa siku moja na mimi nikamwachia zangu kwenye benchi lake. Limezima tena likiteremka Daraja la Nyerere kuelekea Kurasini, mshale sifuri kama jana. Jioni nimemrudishia vitu vyake na asante nyingi. Ignaita imetoka kwenye orodha na sijatoa shilingi.

Ijumaa

Temeke, kwa mzee mmoja fundi umeme ambaye gereji yake ni uani, chini ya mwarobaini. Alishatengeneza distribyuta za Datsun na Peugeot kabla sijazaliwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wamesema una daftari. Lete.”

Amelisoma lote, kurasa zote, miwani imeshuka puani. Hakugusa gari kwanza. Kisha akaniwekea kidole kwenye mistari mitatu: Buguruni mguu mwepesi, Tegeta mguu mwepesi, darajani kwenye mteremko mguu mwepesi. “Na ulipokuwa unapanda na mzigo, umekanyaga mpaka chini, lilizima?” Halikuzima hata mara moja. “Basi kijana wangu, gari lako limeshajieleza.”

Alichonieleza ndicho kilichonileta kuandika haya yote kwa urefu. Pembeni mwa distribyuta kuna kopo la bati lenye ngozi ya mpira ndani, limeunganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Ukiwa kwenye mwendo wa kutulia na mguu mwepesi, injini inafyonza hewa kwa nguvu, ufyonzaji huo unavuta ile ngozi, na ngozi inavuta kisahani kilicho ndani ya distribyuta ili cheche iwahi kidogo zaidi. Gari linatumia petroli kidogo, linakwenda laini. Ukikanyaga hadi mwisho, ufyonzaji unapungua na kisahani kinarudi mahali pake. Koili ndogo imekaa juu ya kisahani hicho. Kwa hiyo zile waya zake mbili zinapindwa na kunyooshwa kila mguu wa dereva unapopanda na kushuka, tangu mwaka 1992, ndani ya distribyuta iliyokaa kando ya injini ya moto.

Amefungua kepu, akaondoa rota, akaunganisha mita kwenye waya mbili. Omu 152, kipimo cha ukinzani wa waya. Koili ndogo ni nzima. Kisha akachomoa ule mpira mwembamba upande wa kabureta, akautia mdomoni, akafyonza.

Nimekiona kisahani kikigeuka, taratibu, kama upana wa ukucha. Na namba kwenye mita ikapotea. Akaachia: 152. Akafyonza tena: ikapotea. Alinipa mpira nifyonze mwenyewe, na nilifyonza hadi mashavu yakauma, kwa sababu nilitaka kuiona kwa pumzi zangu.

Tulipozileta kwenye mwanga, waya zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea gunia. Ganda la plastiki limekauka, limepasukapasuka kama tope la kiangazi, na mahali zinapopinda kuingia kwenye soketi, shaba ya waya mweupe imegeuka kijani na kubaki nyuzi mbili tatu zinazogusana. Gari likiwa la baridi zinagusana vizuri. Joto likipanda kila kitu kinatanuka; kisahani kikivutwa, zinaachana, na zikishaachana wakati huo haziwahi kurudiana hadi kupoe au mtu atikise soketi. Ndiyo maana Jumatatu nusu saa ilitosha, ndiyo maana jioni halikuzima, ndiyo maana mkono wangu ulirudisha cheche pale Tegeta.

Nikauliza kama tutafute distribyuta ya mtumba kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani. Amekataa kwa sababu nzuri: ya mtumba ina umri uleule, na ndani yake mna waya zilezile zilizopindwa miaka ileile. Koili ndogo yetu ni nzima, tatizo ni waya, basi tubadilishe waya.

Kabla ya kuing'oa distribyuta amezungusha injini kwa spana hadi silinda ya kwanza ikawa juu, alama za puli zimekutana, akachora kwa chaki mahali rota inapotazama na mahali mwili wa distribyuta ulipo kwenye injini. Mpangilio wa kuchoma wa 22R ni 1-3-4-2, na amenitaka niutamke huku nikigusa kila waya wa plagi. Anayeing'oa distribyuta bila alama anajitengenezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Waya mpya ni laini, wa nyuzi nyingi, wenye ganda linalostahimili joto. Amelehemu kwa risasi, amevisha mpira wa kusinyaa, na ameacha kitanzi cha ulegevu ili kisahani kikigeuka kisivute kiungo. Sehemu hiyo alikaa nayo muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, akikigeuza kisahani kwa kidole mbele na nyuma huku akiutazama ule mpindo. Kisha akapima mwanya kati ya koili ndogo na meno ya gurudumu la katikati: unatakiwa uwe kati ya milimita 0.2 na 0.4, na ameuweka 0.3 kwa kipimio cha shaba nyeupe. Cha chuma hakifai hapo, sumaku inakivuta na kipimo kinadanganya.

Tumefunga, tumefyonza tena: 152, ikabaki 152. Plagi nne amezisafisha na kuweka mwanya wa milimita 0.8. Taimingi, yaani wakati wa kurusha cheche, ameirekebisha kwa taa, mpira wa kufyonza ukiwa umechomolewa na kuzibwa, akifuata kibandiko kilicho chini ya boneti.

Amechukua elfu ishirini na tano, waya na risasi ndani yake. Nimemwongezea na mche wa mwembe.

Jumamosi

Nilitaka kulijaribu pabaya, kwa hiyo tumekwenda Pugu hadi Kisarawe, kupanda na kushuka vile vilima, jua la saa saba, kuchukua samadi. Mzee mwenye gari amekaa mbele. Wakati wa kupanda hatukuwa na mzigo; kurudi tumebeba magunia mpaka springi zimelala.

Kila mteremko nimefanya lile lile lililokuwa linaliua: gia ya nne, mguu mwepesi, nakanyaga kidogo, nalegeza kidogo. Mzee hakutazama barabara, alikuwa anatazama mshale. Gongo la Mboto tumekutana na foleni ndefu, injini imechemka kadiri inavyoweza kuchemka mjini hapa, nimeliacha lingurume tu bila kulizima. Halikutetereka. Nimelizima kwa makusudi pale kituo cha mafuta, nikaliwasha likiwa la moto, likashika mara ya kwanza. Tumefika Kibada jua linazama, mzee akashuka, akapapasa bamba la mbele, akasema michungwa ya Bunju iliyobaki ipakiwe Jumatatu.

Usiku nimepima waya za plagi kwa mwanga wa tochi, kwa kuwa mita ilikuwa bado mkononi. Kwa Toyota hizi waya mmoja haupaswi kuzidi kilo-omu 25. Mitatu ipo chini kabisa, wa silinda ya tatu umefika 23. Bado unachoma, lakini masika yakianza na unyevu ukiingia huo ndio utakaoanza kumisi, yaani kurukaruka cheche. Nitapita Gerezani na waya wa zamani mkononi, nipate wa urefu uleule, na nitakwenda na mita nipime dukani kabla ya kulipa.